Bolti Kumi za Mjomba

Mtaani walimwita Kumi na Tatu, na mgeni aliyelisikia jina hilo kwa mara ya kwanza alidhani labda ni mtoto wa kumi na tatu kwa mama yake. Hapana. Kwao walizaliwa wawili tu, na mwenzake ni mshonaji. Jina alipewa na mjomba wake siku zile anajifunza ufundi wa magari, kwa sababu spana namba kumi na tatu haikumtoka mfukoni. Alikula nayo, alilala nayo, na siku moja alikwenda nayo harusini ikamdondoka mbele ya wakwe wa watu. Sasa alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na moja, ana gereji yake mwenyewe yenye paa la mabati na jeki mbili nzima, na spana bado ilikuwa mfukoni.

Ila gereji hiyo ilikuwa na jambo lake. Kumi na Tatu alitengeneza breki, alibadilisha springi, alinyoosha magurudumu yaliyokwenda upande. Ukimletea injini, alifuta mikono na kukuelekeza kwa fundi mwingine. "Mimi na injini hatuelewani," alisema, akacheka kidogo, mazungumzo yakaishia hapo. Walikuwepo waliosema ni maringo, wengine wakasema ni uvivu. Sababu yenyewe aliijua yeye na mjomba wake, na mjomba hakuwa mtu wa kumwaga mchele penye kuku wengi.

Mjomba huyo ndiye aliyemfundisha kila alichokijua. Alikuwa fundi wa mtaa mzima mpaka kiharusi kilipompiga mwezi wa pili, kikauchukua mkono wa kulia, mguu wa kulia, na maneno yote isipokuwa moja. Ukimuuliza habari za asubuhi alijibu, "Polepole." Ukimuuliza chai au maji, "Polepole." Akikasirika alipaza sauti, "Polepole! Polepole!" na mtu asiyemfahamu angedhani anatoa wosia. Akili yake ilikuwa timamu kabisa. Ilikuwa imefungiwa ndani tu.

Mara tatu kwa wiki alipelekwa hospitali kwenye mazoezi ya viungo, kwa gari lake mwenyewe, saluni ya zamani aliyoitunza kama mboni ya jicho. Mkewe ndiye aliyeendesha. Na mazoezi yalikuwa yanaleta kitu: mguu umeanza kuamka, vidole vinasogea, hatua nne zimeshapigwa kwa kushika ukuta. Kisha gari likaanza kutoa moshi mweupe. Likachemka. Kijiti cha kupimia oili kilipochomolewa, oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na hapo hata asiyejua magari anajua kuna balaa.

Mke wa mjomba alikuja gerejini kwa miguu, na kitambaa chake mkononi.

"Mwanangu, njoo utengeneze gari la mjomba wako."

"Mama, hiyo ni gasketi ya silinda hedi. Nitakutafutia fundi mzuri."

"Mafundi nimemtajia wote, mmoja mmoja. Anatikisa kichwa. Nilipokutaja wewe akanipiga begani mpaka nikaumia." Alikaa juu ya tairi. "Wiki iliyopita tuliazima pikapu ya jirani. Wanaume wanne walimbeba kumpandisha kama kabati. Alilia, mwanangu. Juzi amekataa kutoka kitandani. Na yule mtaalamu wa mazoezi ameniambia bila kunificha: mguu huu ukilala tena, hautaamka."

Kumi na Tatu alitazama sakafu. Alitaka kusema hapana, na mdomo ulikuwa umeshajipanga kuisema. Lakini kuna watu ambao hapana yao huna. Alichukua kisanduku chake cha vifaa, akafunga gereji.

*

Kuifungua silinda hedi, kile kifuniko kizito cha juu ya injini, kulimchukua siku moja, na kuisafisha siku ya pili. Gari lilikuwa uani kwa mjomba, chini ya kibanda, na mjomba alitolewa na kiti chake akakaa hatua tatu kutoka kwenye boneti, fimbo katika mkono wa kushoto, kama msimamizi wa mtihani. Kila bolti ilipotoka aliifuata kwa macho. Zilikuwa kumi, ndefu kama kalamu, na Kumi na Tatu alizipanga juu ya kipande cha boksi kwa mpangilio uleule zilivyokaa. Ile gasketi iliyoungua, bamba jembamba linaloziba kati ya hedi na mwili wa injini, ilipobanduka, mjomba alivuta mdomo upande kama mtu aliyeonja ndimu.

Hedi ilipelekwa kusawazishwa ikarudi inang'aa. Gasketi mpya ilipatikana kwa muuza spea aliyeitwa Orijino, kwa kuwa kila alichouza, hata kamba, alikiapia kuwa ni orijino.

"Shika kwa mikono miwili, dada," alisema akiitoa juu kabisa ya rafu, imejaa vumbi. "Hii ndiyo ya mwisho. Hiyo injini wenyewe waliacha kuitengeneza zamani. Ukiiharibu hii usirudi kwangu, nenda kanisani au msikitini."

"Na bolti zake zinakazwa kwa ngapi?"

"Sitini na tano," alijibu bila kufikiri. "Boksi la zamani lilikuwa limeandikwa. Sitini na tano, nakuapia."

Shida ndiyo hiyo: aliapa. Orijino alikuwa ameshamwapia vitu vingi.

Sasa msomaji asiye fundi aelewe jambo moja, kwa maana roho ya mambo yote ilikuwa hapo. Bolti ya silinda hedi haikazwi kwa hasira. Ukiilegeza kidogo tu, maji na moto vinakutana, na siku ya pili unaanza upya na gasketi huna. Ukiikaza kupita kiasi, inakatikia ndani ya chuma au inaupasua mwili wa injini, na mwili ukishapasuka hakuna cha kuunga. Kila injini ina kipimo chake, na kuna spana maalumu ya kupimia: unaiwekea namba, unavuta, na nguvu ikifika kwenye namba yenyewe inakuambia tak, acha. Kwa hiyo kazi yote ilikuwa kuijua namba.

Kitabu cha gari kilikuwepo, kwenye droo ya kabati la mjomba. Kumi na Tatu alikipekua ukurasa kwa ukurasa. Namna ya kubadilisha balbu ilikuwepo, safi kama jana. Namna ya kukunja kiti ilikuwepo. Ukurasa wa bolti za hedi ndio ulioshikwa na vidole vya oili miaka yote hiyo, na ulikuwa umelika mpaka yamebaki matundu kama lesi.

Alimpigia simu mwalimu wa chuo cha ufundi, mtu mwenye karatasi zake zimepangwa. Simu ikasikika inawekwa chini, droo ikafunguliwa, droo ikafungwa.

"Themanini na nane," mwalimu alisema. "Umeandika? Themanini na nane, kwa awamu tatu, kuanzia katikati kwenda nje."

Kumi na Tatu alisema ahsante akakata simu. Namba hiyo aliijua. Aliijua miaka kumi na minane sasa, na alikuwa akiomba asiisikie tena.

*

Alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Mjomba alikuwa amesafiri kwenda mazishini, na gerejini iliachwa teksi, injini ya aina hiihii, imebaki kufungwa hedi tu. Wiki ileile mjomba alikuwa amenunua spana ya kupimia kutoka kwenye vifaa vya kiwanda kilichofungwa. Yeye mwenyewe alikuwa bado hajaitumia. Kumi na Tatu akaona afanye jambo la kumfurahisha mzee. Alifungua kitabu, ukurasa ulikuwa bado mzima, akasoma themanini na nane, akaiwekea spana themanini na nane, akavuta. Bolti ya saba ilikatika, na ufa ukatembea kwenye mwili wa injini, mwembamba kama unywele, kutoka tundu la bolti mpaka kwenye silinda.

Mwenye teksi alikuja akipiga kelele mtaa mzima unasikia. Mjomba, ambaye ndiyo kwanza ameshuka safarini na vumbi lake, alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mkono uliokaza ni wangu." Basi. Maneno manne. Siku iliyofuata aliitoa injini ya gari lake mwenyewe akaipachika kwenye teksi, na gari lake likakaa juu ya mawe mwaka mzima. Fundi wa magari akawa anakwenda kazini kwa miguu, na watoto wanamwimbia njiani. Alipopata injini nyingine, ambayo ndiyo hii, aliifufua peke yake taratibu, kila jioni kidogo.

Kumi na Tatu alijaribu mara tatu kumwomba radhi na kumshukuru. Mara zote tatu mjomba alinyoosha mkono, akauzungusha kulia, kama mtu anayekaza bolti, akasema, "Habari hiyo imefungwa." Alimuuliza swali moja tu, "Ulifuata kitabu?" Akajibu, "Nilifuata." Mjomba akaitia spana ile kwenye mkebe wake, akaufunga, na hakuufungua tena. Akarudi kukaza kwa mkono wake aliouamini.

Naye Kumi na Tatu alihitimisha lililomwelea. Kitabu kilikuwa sahihi, spana ilikuwa nzima. Basi kosa ni la mkono. Alivuta kwa pupa, alivuta kwa papara, mkono wake haukuumbiwa injini. Aliyetafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na yeye kwa miaka kumi na minane kila boneti ilikuwa ung'ongo.

*

Siku ya kuifunga hedi, alimwonyesha mjomba bolti moja. "Mjomba, hizi ulikuwa ukizikaza ngapi?"

Mjomba alilaza fimbo mapajani. Akanyoosha vidole vitano vya mkono wa kushoto. Akavikunja. Akanyoosha vinne.

"Tisa?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Tisini, siyo?"

Akatikisa kichwa. "Polepole."

"Themanini na tisa?"

"Polepole!" Alionyesha tena: vitano, vinne.

Kumi na Tatu alimpa kalamu na karatasi. Mkono wa kushoto ulichora kitu kama mdudu aliyekanyagwa, na mjomba mwenyewe alikitazama kwa dharau akakitupa. Tisa ya kukaza silinda hedi haipo, Kumi na Tatu alijiambia. Kwa tisa hata kifuniko cha sufuria hakishiki. Mzee anasema tisini, au karibu na tisini. Tisini na themanini na nane ni ndugu. Mashahidi wawili wamesema mamoja, na anayesema sitini na tano ni Orijino. Hesabu ilimwonyesha njia.

Aliifungua spana ya mkebeni, kwa kuwa yeye hakuwa na yake. Fundi wa breki ataipeleka wapi? Ilikuwa nzito, na mpini wake ulikuwa umelainishwa na viganja vya watu wa kiwandani mpaka maandishi yote yamefutika. Zilizobaki ni namba tu, zilizochongwa kwa kina kwenye chuma. Alipaka bolti oili, akazishusha moja moja kwenye matundu. Awamu ya kwanza, thelathini, kuanzia katikati kwenda nje kama mtu anayetandika shuka na kuondoa mikunjo. Tak, tak, mara kumi. Awamu ya pili, sitini. Tak, mara kumi, na kwa kila moja alisema bismillahi kimoyomoyo.

Akazungusha mpini mpaka themanini na nane.

Aliufuta mkono kwenye nguo. Alijiambia ndio huohuo mkono, na ndiyo hiyohiyo namba, sasa uvute bila pupa, uvute kama mtu mzima. Aliweka spana kwenye bolti ya kwanza akavuta. Bolti ikasogea kidogo, ikawa ngumu. Akavuta. Ikalia, mlio mwembamba ambao aliwahi kuusikia mara moja tu maishani mwake.

"Polepole! Polepole! Polepole!"

Mjomba alikuwa anapiga chini kwa fimbo, uso umemwiva, nusu ametoka kitini. Kumi na Tatu aliachia spana kama imemuunguza. Mke wa mjomba akatoka jikoni mbio, mikono ina unga.

"Nini? Ameanguka?"

Mjomba alielekeza fimbo ukutani, palipokuwa na ndoo ya maji. Akaonyesha vitano, akaonyesha vinne. Akaelekeza ndoo tena.

"Ana kiu," mke wa mjomba alisema, akaja na bilauri. Mjomba akaisukuma, maji yakamwagika. "Hataki ya baridi." Akaja na ya vuguvugu. Hayo pia yakamwagika. "Basi mzee wangu anataka kuoga saa hizi, mbele za watu!"

Mjomba alifumba macho kama mtu anayeomba subira kutoka juu. Alipoyafumbua, alinyoosha mkono wa kushoto mbele yake, mrefu, umenyooka kama boriti, na fimbo akaining'iniza kwenye vidole vya mwisho. Ikaning'inia pale, inayumba. Akamtazama Kumi na Tatu. Hakuyaondoa macho.

Kumi na Tatu alimtazama mzee, akaitazama fimbo, akaitazama ndoo. Kitu cha zamani kikaja polepole. Siku zake za mwanzo gerejini, mjomba aliwahi kumsimulia kwamba kabla spana za kupimia hazijawafikia, fundi aliyemfundisha yeye alitumia bomba la chuma la urefu wa mita moja na kopo la maji yaliyopimwa kilo zake. Unachomeka bomba kwenye bolti, unaning'iniza kopo mwishoni, na maji yanakukazia. Maji hayana hasira, mjomba alisema. Kumi na Tatu alidhani ni masihara ya wazee, akacheka.

"Kilo," alisema. "Mjomba, ni kilo? Kilo tisa kwenye bomba la mita moja?"

Mjomba aliishusha fimbo. Akajiegemeza kitini, akapumua kama mtu aliyetua mzigo. "Polepole," alisema, safari hii kwa upole.

*

Kumi na Tatu hakuigusa tena injini. Alikibana kichwa cha spana kwenye jiliwa, chuma cha kubania kilichokuwa kwenye meza ya kibandani, ikalala mlalo, mpini nje. Mke wa mjomba alileta utepe wa kushonea: kutoka kwenye kichwa cha spana mpaka katikati ya mpini ilikuwa nusu mita kamili. Nusu ya mita inataka uzito mara mbili. Kilo tisa kwa mita ni kilo kumi na nane kwa nusu mita. Ndoo tupu ilikuwa na uzito wa kama kilo moja, kwa hiyo maji ni lita kumi na saba, na mke wa mjomba akazihesabu kwa chupa ya lita, kwa sauti, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Waliining'iniza ndoo kwenye mpini uliowekwa themanini na nane. Kimya. Spana haikusema neno. Kumi na Tatu alipunguza: themanini, kimya. Sabini na tano, kimya. Sabini, kimya. Kila mara aliishika ndoo, akazungusha, akaiachia taratibu. Sitini na nane, kimya. Sitini na tano.

Tak.

Alirudia mara tatu, na mara zote tatu ilikuwa tak. Alikaa chini palepale, kwenye udongo, miguu imenyooka.

Kisha akachukua simu. "Mwalimu, samahani. Ile themanini na nane, ni themanini na nane ya nini?"

"Ya nini tena? Nyutoni mita. Vitabu vyote vya kwetu viko hivyo." Kisha mwalimu akauliza, "Spana yako ni ya wapi?"

"Ya kiwanda cha zamani. Maandishi yamefutika."

"Aa! Hiyo itakuwa ya futi na ratili, vipimo vya Kiingereza vya zamani, dada yangu. Kwa hiyo weka sitini na tano, sitini na tano za ratili ndizo themanini na nane za nyutoni. Usije ukaweka themanini na nane kwa spana hiyo, utakata bolti."

"Ndiyo," Kumi na Tatu alisema. "Najua."

Basi Orijino hakudanganya, kwa mara hiyo moja apewe haki yake. Mwalimu hakukosea. Mjomba na vidole vyake tisa alisema kitu kilekile. Wote watatu walikuwa wamemwambia ukweli mmoja, kila mtu kwa mizani yake, na yeye alikuwa amekaa katikati akiwapigia kura. Na kitabu cha siku ile kilikuwa sahihi, na spana ilikuwa nzima. Na mkono? Mkono ulivuta mpaka ukaambiwa tak, kama ulivyofundishwa. Mkono haukuwa na pupa yoyote.

Alilia kidogo hapo chini, wala hakujificha. Mke wa mjomba alidhani gari limeharibika.

"Hapana, mama. Liko zima. Namba tumeipata."

*

Aliirudia kazi yote. Alizilegeza bolti kumi, akaitoa hata ile ya kwanza iliyolia, akaipangusa na kuipima kwa kuilinganisha na wenzake. Ilikuwa bado sawa nazo, haijavutika hata unywele. Gasketi nayo ilikuwa haijakandamizwa kupita kipimo. Hapo alimshukuru Mungu, halafu akaishukuru na fimbo. Akazikaza upya, thelathini, hamsini, sitini na tano, kutoka katikati kwenda nje.

Bolti ya saba aliiacha mwisho, ingawa mpangilio hautaki hivyo, kwa awamu ile ya mwisho tu. Alikisogeza kiti cha mjomba mpaka kwenye gari, akauweka mpini katika mkono wake wa kushoto, na mkono wake akauweka juu. Walivuta pamoja. Ilipolia tak, mjomba alicheka, kicheko cha upande mmoja wa mdomo, lakini kicheko chenyewe kizima.

Kabla ya kufunika, Kumi na Tatu alichukua msumari akakwaruza ndani ya kava la vali linalofunika hedi, mahali ambapo fundi atakayelifungua siku nyingine lazima apaone: *kilo 9, nyutoni 88, ratili 65*. Kisha akamwomba mke wa mjomba rangi ya kucha, ile nyekundu, akaandika kwenye mpini wa spana kwa herufi kubwa: RATILI. Mke wa mjomba alisema rangi hiyo ilikuwa ya harusi ya mtu, lakini aliitoa.

Gari liliwaka lilipojaribiwa mara ya pili. Waliliacha lingurume dakika ishirini, moshi hakuna, maji hayashuki, na oili kwenye kijiti ilikuwa ya rangi ya asali. Mke wa mjomba alikwenda kuvaa, maana mazoezi yalikuwa saa nane na kwa mwendo huo wangewahi.

Kumi na Tatu alichuchumaa mbele ya kiti.

"Mjomba. Ile siku ya teksi."

Mjomba aliinua mkono wa kushoto, akauzungusha kulia. Imefungwa.

"Hapana, Mjomba. Leo utanisikiliza, na bahati yako mbaya huwezi kunikatiza." Mzee alikunja uso, lakini alitulia. "Haikuwa mkono. Spana ilikuwa ya ratili, kitabu kilikuwa cha nyutoni. Hakuna aliyejua, wewe wala mimi. Nilikaa miaka yote hii nikiamini mkono wangu una laana. Na wewe uliuchukua ukasema ni wako. Hukuniuliza niliharibu vipi. Ulitembea kwa miguu mwaka mzima, watoto wanakuimbia, na hata siku moja hukunionyesha sura ya kuchoka. Kila jioni ulinipa spana ukaniambia shika, endelea. Kazi ninayokula nayo ni yako. Watoto wangu wanasoma kwa kazi yako. Nilitaka kusema ahsante nikiwa na miaka ishirini na mitatu, ukanifungia mlango. Sasa nasema. Ahsante, Mjomba. Ahsante sana."

Macho ya mjomba yalijaa machozi, na alikuwa hana mkono wa kuyafutia, kwa kuwa wa kushoto ulikuwa bado uko hewani. Aliutazama mkono huo kwa muda, kama ndiyo kwanza anauona. Kisha akauzungusha tena, polepole, safari hii kwenda kushoto, upande wa kufungulia.

Mke wa mjomba, aliyekuwa ameshalitoa gari kibandani, alipiga honi akauliza kama wanakwenda au hawaendi. Kumi na Tatu alimshika mzee chini ya kwapa, wakasimama pamoja, na kutoka kwenye kiti mpaka kwenye mlango wa gari mjomba alipiga hatua sita.